Dansi ya Jumapili na Suruali Bila Mifuko

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na mbili, na hapo ndipo shida ilipoanza. Askari walipanda kutoka kusini, na sisi wa West Nile tukahesabiwa wote kuwa watu wa yule rais aliyeanguka, hata mimi niliyekuwa nachunga mbuzi kwetu Adumi na sijawahi kuona bunduki kwa karibu. Mama alitukusanya watoto tukavuka mpaka kuingia Kongo, wakati ule iliitwa Zaire. Baba alikataa kuondoka. Alisema anabaki kulinda mihogo. Mihogo ilipona. Baba hakupona.

Shule niliiacha darasa la tatu, sikurudi tena. Haya nayaandika kwa herufi nilizozipata mpaka pale, na nyingine nilizookota njiani. Anayetaka kucheka aanze sasa, amalize, tuendelee.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofundisha maharusi kucheza, mnaokuja na spika kubwa kuliko mlango na kuwafundisha bwana na bibi harusi kutikisa mabega mbele ya keki. Sina ugomvi na nyinyi. Wengine wenu nimewafundisha kusimama. Lakini mwaka huu nimestaafu, na kabla sijasahau nataka mjue kazi hii ilikuwa nini Arua na Koboko, na jinsi mimi na mwenzangu Rajabu tulivyojaribu kuirudisha kwenye televisheni. Nilipandishwa cheo lini, sitasema. Mwalimu wa dansi hana cheo. Malipo pia sitasema, nyinyi wenyewe mnayajua.

Aliyenifundisha ni Mzee Sebit, Mnubi wa Koboko, tuliyemkuta kule ukimbizini. Hakuwa askari. Alikuwa mhudumu wa mesi, bwalo la maofisa wa jeshi huko Jinja, kazi yake kubeba trei ya glasi. Maofisa na wake zao walikuwa wanacheza Jumamosi walsi, foxtroti na tango, ile dansi ya kushikana wazungu waliyoiacha, na yeye anapita katikati yao na vinywaji.

"Mimi hapana fundishwa na mutu," alituambia. "Mimi nilikuwa nakwepa tu. Ukitaka kukwepa mutu anacheza walsi, lazima ujue mguu yake inakwenda wapi."

Watu walikimbia vita na sufuria, na magodoro, na kuku. Mzee Sebit alikimbia na vitambaa vyeupe vya mesi, vile vya kujifutia mdomo, fungu zima. Wanawake walimcheka sana. "Mzee, utakula kitambaa?" Yeye alivifua na kuvikunja kila Ijumaa kama vile maofisa wanakuja kesho.

Siku yangu ya kwanza ya kazi, maana naihesabu kuwa kazi, alinipa sinia na kikombe kilichojaa maji juu yake, akaniambia nitembee mpaka kwenye mti wa mwisho na kurudi. Sakafu yetu ilikuwa udongo uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Nikatembea, maji yakamwagika.

"Mzee, maji imemwagika."

"Mto iko pale. Kateke."

Nikaenda mtoni nikarudi, yakamwagika. Nikaenda tena. Nikamuuliza kwa hasira kwa nini ananitesa na njaa hii yote. Akasema njaa inasumbua mtu aliyekaa. Sikumwamini, lakini nilikuwa natembea badala ya kukaa, kwa hiyo sijui nani alikuwa na haki.

Kitu kikubwa alichonifundisha hakikuwa mguu. Siku moja alimshikisha mzee mmoja wa Kilugbara mkono wa mama mmoja, wacheze. Yule mama akavuta mkono kama ameshika moto, akaondoka. Kumbe binti yake ameolewa na mtoto wa yule mzee. Kwetu mkwe humshiki. Humshiki mkono, humshiki kiuno, hata njiani unampisha. Mzee Sebit alikaa akafikiri, halafu akaenda kwenye fungu lake akatoa kitambaa kimoja. Akampa mwanamume ncha moja, mama ncha nyingine.

"Sasa umeshika kitambaa. Yeye hukumshika. Cheza."

Wakacheza. Mikono imenyooka, kitambaa kimekazwa kati yao, na walsi ikaenda vizuri kabisa, pengine vizuri kuliko wanaoshikana, maana kila mmoja anabeba mwili wake mwenyewe. Tangu siku ile, mtu akija kujifunza, kabla ya kumtazama miguu tunamuuliza: ukoo wa baba? ukoo wa mama? umeoa wapi, umeolewa wapi? Halafu ndipo viatu. Na kila mwanamume anacheza na kitambaa cheupe mfukoni. Kitambaa hicho si cha kujifuta jasho, mtanielewa. Cha jasho ni mfuko wa kushoto.

Tuliporudi Arua, nilipata kazi ya kusugua ukumbi mmoja njia ya Ediofe, ukumbi wa chama cha wafanyabiashara wa kahawa. Sakafu yake ilikuwa mbao za mvule, ndefu, zilizopangwa na fundi aliyejua anachofanya. Wakati wa vita watu walikuwa wameng'oa milango, madirisha na hata mabati ya choo. Sakafu hawakuiona, kwa sababu ilikuwa chini ya popo. Niliondoa mavi ya popo kwa jembe. Chini yake nikakuta mbao nyekundu, na nikajua sitaondoka pale.

Andikeni hili, maana dukani haliuzwi: unayeyusha mishumaa, unaichanganya na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto kama unapenda nyusi zako, unapaka, unaiacha ilale. Kesho yake mtu mmoja anakaa juu ya gunia la katani na mwingine anamvuta huku na huku mpaka sakafu iwake. Mtu wa kukaa awe mnene. Mimi sikuwahi kuwa mnene, kwa hiyo nilivuta.

Aliyekaa juu ya gunia mara nyingi alikuwa Rajabu. Rajabu alikuwa fundi cherehani kutoka Koboko, Mnubi kama Mzee Sebit, tena mtoto wa dada yake. Alikuja kuniletea habari kwamba mzee amefariki na ameniachia vitambaa. Alikuja na habari, akabaki na dansi. Tulicheza pamoja maisha yetu yote ya kazi. Hakuwa bwana wangu. Yeye alikuwa na bibi yake Koboko, na mimi nilikuwa na wangu mpaka alipokwenda Juba kufanya biashara na kusahau njia. Watu walisema maneno. Rajabu alikuwa anawajibu, "Mimi namshika mbele ya watu wote, taa inawaka. Nyinyi mnashika wapi?"

Tulifundisha watu wagumu. Kulikuwa na polisi mmoja aliyekataa kuvua buti, akisema serikali haiwezi kwenda pekupeku. Nilimfungia matambara chini ya buti, akacheza akiwa kimya kama paka. Kulikuwa na katekista aliyefumba macho kila aliposhika mwanamke, mpaka akaingia na mwenzake kwenye ukuta. Kulikuwa na mama mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, mkimbizi, mrefu hivi kwamba hakuna mwanamume Arua aliyemfikia kidevuni. Wote walimkwepa. Nikamwambia, wewe utaongoza. Akaniuliza, "Mwanamke anaongoza?" Nikamwambia, "Umevuka mpaka na watoto mgongoni, nani alikuwa anakuongoza?" Akaongoza. Baada ya hapo wanaume walipanga mstari.

Halafu ikaja televisheni. Kituo kilikuwa chetu, cha mjini, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na hakikuwa na vitu vya kuonyesha. Meneja wa kwanza, mzee mtulivu, aliingia ukumbini siku moja kujificha mvua akatukuta tunacheza. Jumapili iliyofuata alileta kamera. Kuanzia hapo, kila Jumapili baada ya misa, watu wa Arua na Koboko, na hata wa ng'ambo ya mpaka, walitazama dansi yetu. Mwenye televisheni aliiweka dirishani, majirani wakakaa uani.

Na nitawaambia walichopenda. Hawakupenda walsi. Walipenda kitambaa. Katikati ya dansi nilikuwa napiga makofi, duara linazunguka, kila mwanamume anahamia kwa mwanamke mwingine. Hapo ndipo nyumba zote zinanyamaza. Mwanamume akifika mbele ya mwanamke na mkono ukaenda mfukoni, kitambaa kikatoka, uani wanapiga kelele: "Ahaa! Kumbe yule ameoa kwa wale!" Watu walibishana wiki nzima, nani mkwe wa nani. Sokoni niliitwa Mama Kitambaa. Kwa mtu wa darasa la tatu, hiyo inatosha.

Ilidumu miaka, halafu wakaiondoa. Meneja mtulivu alistaafu, akaja mwingine, kijana, viatu vyenye ncha. Jumapili moja tulivaa, tukapaka nta, tukasubiri kamera. Haikuja. Uani watu walifungua televisheni wakakuta mtu anauza dawa ya vidonda vya tumbo. Hakuna aliyetuambia neno. Tulicheza hata hivyo siku ile, ukumbi mtupu, na nakumbuka viatu vilisikika sana.

Muda si mrefu chama cha kahawa kikatuita. Mwenyekiti wao alisema wazi, na mimi napenda mtu anayesema wazi. Alisema sakafu ya mbao inataka matunzo, na wamepata mtu anayetaka ukumbi uwe ghala la saruji. Saruji haitaki mbao. Lakini televisheni ikirudi na kukodi ukumbi kama zamani, wanaacha sakafu ilivyo. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: dansi ikirudi kwenye televisheni, sakafu inabaki. Isiporudi, inang'olewa. Sikuwa na kitu kingine duniani kilichonisumbua zaidi ya hicho.

Nikaanza kwenda kwa meneja kila Jumatatu. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka benchi likanijua.

"Mama, watu hawataki tena. Wanataka mpira na mahubiri."

"Umewauliza?"

"Mama, tunajua."

"Mimi naishi nao. Wewe unaishi hoteli."

Alicheka, lakini hakubadilisha kitu. Basi mimi na Rajabu tukatoka kwenda kuwauliza watu wenyewe. Tulibeba redio ya kaseti na turubai, tukaenda soko kwa soko. Koboko tulitandika turubai karibu na stendi ya malori, tukacheza foxtroti katikati ya magunia ya simsim na madereva wanaopiga honi. Kuluva tulicheza nje ya geti la hospitali mpaka mlinzi akatuambia tunawachanganya wagonjwa, ingawa mgonjwa mmoja alikuwa ametoka na dripu yake kutazama. Adumi, kwetu, ndiko walikotucheka zaidi. Mama mmoja muuza mihogo alipaza sauti:

"We mama! Umepoteza nini huko chini ya koti la huyo mzee?"

Rajabu akamjibu bila kukosa hatua, "Amepoteza televisheni, mama. Nisaidie kutafuta."

Soko zima likacheka, na yule mama wa mihogo akaja akacheza. Nilimpa walsi ya robo saa. Alipomaliza aliniuliza, akihema, "Kwani waliitoa kwa nini?" Nikamwambia kawaulize wao. Na watu walikwenda kweli. Walikuwa wanapita mjini kuuza kuku, wanapanda ngazi za kituo, wanasema, "Rudisha ile ya kitambaa," wanashuka. Mwingine alipanda na kuku wake. Meneja alichoka. Jumatatu moja alinikuta benchini akaniambia:

"Mama, nakupa Jumapili moja. Moja kwa moja, bila kurekodi. Simu zikilia, inarudi. Simu zikinyamaza, usinikalie tena hapa."

"Zitalia," nikasema.

Tulijiandaa kama watu wanaomwoza binti. Nilichagua watu wangu bora. Alikuwapo Drani, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mguu mwepesi. Alikuwapo pia Mama Ajidiru, mjane, ambaye kwa walsi sijaona mfano wake tangu nianze kazi. Mke wa Drani ni binti wa Mama Ajidiru. Walikuwa wamecheza pamoja duara moja miaka yote, wakikutana kwa kitambaa, na uani walipenda hasa wao, kwa sababu Drani alikuwa anainama kidogo anapotoa ncha, na Mama Ajidiru anaipokea akitazama pembeni kama mtu anayepokea barua ya serikali. Nilifua vitambaa vya Mzee Sebit, nikapiga pasi, nikagawa. Kila mwanamume kimoja, mfuko wa kulia.

Meneja alituletea mwongozaji kutoka Kampala, binti mchangamfu, tukamwita Dairekta kama wenzake walivyomwita. Alikuja na nguo. Sisi wanawake tulipewa magauni yenye kumeta, tukaingia chumba chetu kuvaa na kusaidiana vifungo. Wanaume walivaa chumba cha pili. Yaliyotokea huko niliambiwa na Rajabu baadaye. Suruali zilikuwa nyeusi, za kubana, nzuri kwa macho, na hazikuwa na mifuko. Dairekta aliwaambia waache vitu vyote kwenye benchi, simu, funguo, kila kitu. Rajabu ni fundi cherehani. Aligeuza suruali ndani nje akaona.

"Binti yangu, hii suruali hapana mfuko."

"Mzee, mfuko wa nini? Unakwenda sokoni?"

Wanaume wakacheka, na Rajabu akaivaa. Aliniambia hakutaka yeye awe mtu wa kuharibu, siku ambayo dansi inarudi. Alisukuma kitambaa chake kwenye mkono wa shati, akawaambia wenzake wafanye hivyo, lakini tayari walikuwa wanaitwa, taa zinawaka, mtu ananyanyua vidole kuhesabu. Vitambaa vikabaki juu ya benchi, vimekunjwa.

Mimi niliingia ukumbini sijui lolote. Sakafu iliwaka. Muziki ukaanza, na dakika za kwanza, nasema wazi, hatukuwahi kucheza vile. Nilimwona meneja amesimama mlangoni mdomo wazi. Nilifikiri, mbao hizi zimepona.

Nikapiga makofi. Duara likazunguka. Wanaume wa kwanza hawakukutana na wakwe, wakashikana kawaida. Nikapiga tena. Drani alihama, akafika mbele ya mama mkwe wake. Mkono wake ukaenda kwa mazoea kwenye paja kutafuta mfuko. Ukateleza. Ukaenda upande wa pili. Ukateleza. Nikaona anajipapasa suruali kama mtu aliyeng'atwa na siafu, na hapo nikaelewa.

Mama Ajidiru alikuwa tayari amenyoosha mkono kupokea ncha. Mkono ukabaki hewani na hakuna kitambaa. Akaurudisha taratibu. Halafu akafunika uso kwa mikono yote miwili, akapiga magoti pale pale, na gauni lile la kumeta likaenea chini. Drani akarudi nyuma, anainama, anarudi nyuma tena, mpaka ukutani. Na Walugbara wote waliokuwa kwenye duara wakasimama, maana mtu mwenye adabu hachezi wakati jambo kama lile liko mbele yake. Muziki uliendelea peke yake.

Rajabu alikuwa amenishika. Tulikuwa upande wa pili wa ukumbi.

"Kitambaa iko kwa mkono yangu," akaninong'oneza. "Twende."

Hatukukimbia. Mtu hakimbii kwenye sakafu ile, na kamera ilikuwa inatazama. Tulikwenda kwa walsi. Tulikata ukumbi mzima tukizunguka, watu wawili wazee, magoti yetu yakilia, na mimi nilikuwa nacheka meno yote nje ili kamera itufuate sisi, iwaache wao. Nilijipitisha mbele yake makusudi. Kijana wa kamera akanizunguka kama mtu anayezunguka nguzo, akaenda kumchukua Mama Ajidiru pale chini, karibu, karibu zaidi. Dairekta alikuwa anampungia mkono: endelea, endelea. Tulipofika, Rajabu akavuta kitambaa kutoka kwenye mkono wa shati na kukinyoosha. Hapakuwa na wa kumpa. Drani alishatoka nje, na Mama Ajidiru hakufungua uso.

Simu zililia. Zililia mpaka binti wa mapokezi akazichomoa ukutani. Wazee walipiga wakiuliza ni nani amemleta mkwe mbele ya mkwe bila kitambaa. Vijana walipiga wakicheka, wanataka irudiwe. Nilipanda ngazi Jumatatu.

"Mama, nilisema simu zilie," meneja akasema. "Zimelia, sikatai. Lakini mkurugenzi wa kituo hataki kusikia neno dansi."

"Ni suruali," nikamwambia. "Nipe Jumapili nyingine na suruali zenye mifuko."

Akanitazama kwa huruma. Ni afadhali angenifukuza.

Watu wameniuliza kosa lilikuwa la nani. Dairekta alikuwa mtoto wa watu, hakujua, na alirudi Kampala na suruali zake. Rajabu alijilaumu mpaka mwisho, na nilimwambia mpaka mwisho aache ujinga. Drani alipeleka mbuzi kwa mama mkwe, kama mila inavyotaka mkwe anapoaibishwa, na mbuzi akapokelewa. Kwa ukoo jambo liliisha. Kwa televisheni halikuisha. Walikata kile kipande, Drani anajipapasa, mama anapiga magoti, wakaweka na sauti ya watu wanaocheka, na mpaka leo wanakionyesha kabla ya taarifa ya habari wakikosa tangazo. Kiko pia kwenye simu za watu. Kwa hiyo msiseme nilishindwa kabisa. Dansi ilirudi kwenye televisheni. Ni kipande hicho.

Nilienda kwa Mama Ajidiru. Hakuwa anatoka tena, hata kanisani alikuwa anakwenda misa ya alfajiri na kukaa nyuma. Alinipa uji, tukakaa. Nikamwambia pole. Akakoroga uji wake muda mrefu.

"Driciru," akaniita kwa jina langu la nyumbani, "nimecheza tangu nywele zangu nyeusi. Hakuna mtoto anayejua. Mimi wananijua kwa kupiga magoti."

Nilimaliza uji nikaondoka.

Sakafu iling'olewa wiki chache baadaye. Niliomba mbao, chama kikanipa, kwa sababu saruji ilikuwa njiani na walitaka nafasi. Mafundi walizing'oa kwa mtaimbo, na chini yake kulikuwa na udongo wa kawaida tu, na vifungo vya nguo, na hela za zamani, na hereni moja. Rajabu alikuja na lori la mwenzake kuchukua nusu yake.

"Utafanyia nini?" nikamuuliza.

"Iko kazi."

Tukapakia. Tulipomaliza alinyoosha mkono kama mtu anayeomba dansi, nikamcheka, nikamwambia tutachezea wapi, kwenye udongo? Akasema tulianzia hapo. Nikamwambia nimechoka, siku nyingine. Akapanda lori.

Alifariki msimu wa mvua. Waislamu hawasubiri, na mimi nilipofika Koboko, nimelowa mpaka kiunoni, walikuwa wamekwisha kumzika. Mtoto wake mkubwa alinipokea vizuri. Akaniambia baba aliacha maneno, mbao za kumfunika kaburini kabla ya udongo ziwe zile za Arua, na yeye mwenyewe alikuwa amezikata kwa kipimo na kuzisugua nta. "Tulishangaa, mama. Mbao za kaburi, nta ya nini?" Nilimwambia baba yake alikuwa fundi.

Sikufundisha sawasawa tena baada ya hapo. Nilijaribu, mwaka huu nikaacha. Vijana wanakuja, nawauliza ukoo wa baba, ukoo wa mama, wananijibu wanataka tu ile ya mabega.

Leo nina hivi. Nyumba moja Adumi, ya matofali, mabati mazuri, niliyoijenga mwenyewe. Shamba la mihogo la baba. Kahawa kidogo. Mbuzi. Redio ya kaseti, inameza kanda. Viatu vya dansi jozi moja, soli ya ngozi, sivivai. Mbao za mvule, nusu, zimelala chini ya turubai. Nusu nyingine iko Koboko, juu ya Rajabu. Televisheni sina. Vitambaa vyeupe vya mesi ya maofisa, fungu zima, kasoro kile cha Rajabu, alichobaki nacho. Navifua Ijumaa.